Maji ya Kabindi Inatokea Wapi

Siku ya pili, 6 mwezi wa tano

Nimefagia kisima yetu, Kabindi, asubuhi. Majani, soksi moja, kifuniko ya bidoni ya kuchotea maji. Kila siku vile. Shefu aliniweka mulinzi ya kisima juu hakuna mwingine anaweza. Ao juu hakuna mwingine alikubali. Ni sawa tu.

Batu banazidi. Zamani nilihesabu bidoni kwa vidole, ikabaki kidole ya kukwaruza sikio. Leo mulolongo inatoka ku bomba mpaka ku barabara. Batu bamekimbia vita kila pande, banatafuta pa kulala. Shitingi ya plastiki kwanza. Kisha mbao. Kisha manjanja, mabati, juu. Nyumba inapanda mulima sawa mbuzi, na choo inafuata nyuma.

Niliona banamama bapya, nikabapigia hadisi ya kasiksi. Mu ujana yangu nilibeba hiyo pombe ya ndizi, mutumbwi muzima ya kukamulia, mpaka kule juu ku Jiwe ya Baba, mu shamba yetu. Chui ikatokea. Tukapigana, mimi na chui. Ikabeba kofia yangu. Mutumbwi ikapinduka, pombe yote ikaingia mu udongo. Siku mbili kisha, Kabindi ikatoa kasiksi. Bamama bazee balirudi kwabo banaimba, bidoni bamesahau.

Banacheka mpaka mumoja akamwaga maji yake.

Mama Zawadi hakucheka. Yeye ni mujane, alikimbia vita na batoto, analala mu shitingi pembeni ya soko. Aliniuliza chui ilifanya nini na kofia. Hakuna muntu aliniuliza hiyo mbele. Nikasema ilienda nayo Walikale, inaivaa ku misa.

Masomo sikusoma. Herufi nilijifunza ku kanisa, mvi tayari iko ku kichwa. Nilikuwa wa kwanza mu darasa. Tulikuwa batatu.

Siku ya tatu, 7 mwezi wa tano

Siku kubwa. Naandika na furaha.

Madame Nadine amefika. Ni ule shefu alisema atakuya kutoka Goma kufanya plani ya udongo. Kijana, buti ya mupira, telefone yenye inajua mulima iko na urefu gani. Alitukusanya ku kanisa. Alisema hivi: nyumba itaongezeka, hakuna muntu atazikataza. Lakini maji haizaliwi ku bomba. Mvula inaanguka juu, inaingia mu udongo fasi moja, inatembea chini, inatokea Kabindi. Ile fasi inaingilia njo tunapashwa kuilinda. Hapana nyumba, hapana choo, hapana ngombe, hapana jembe. Miti tu. Ile fasi ingine yote, batu bajenge, lakini kwa mustari, na njia, na choo mbali.

Akauliza: nani anajua maji ya Kabindi inaingilia wapi?

Batu bote baliniangalia mimi. Kanisa muzima.

Nilisimama. Nikamupa hadisi ya kasiksi kutoka kichwa mpaka mukia. Nilipofika ku chui niliona anatabasamu. Nilipofika ku Kabindi inanuka pombe, aliacha kutabasamu, akaanza kuandika. Akaandika! Miaka yote hakuna muntu aliandika neno yangu hata moja. Akasema, Papa, hii ni alama, ulipima mulima bila kujua. Kisha tukapanda wote ku Jiwe, akapiga rangi nyekundu ku miti kuzunguka. Mupaka ya maji.

Ile ni shamba yangu, baba aliniachia. Sitajenga tena pale, sitauza. Nilipoteza shamba, nikapata jina. Sikulia hata kidogo.

Papa Kambale ndiye alinipa mukono wa kwanza. Munande ya Butembo, Mukatoliki, duka ya chumvi na manjanja, na kamio moja ya mizigo yenye inakohoa kuliko mimi. Yeye alinunua Luhonga, ule mutelemuko ya upande ingine, anaukata parsele ya kuuzia batu. Rangi nyekundu haikumugusa. Akanipa soda. Aliniita Papa Profesa.

Siku ya tano, 9 mwezi wa tano

Bibi yangu Mama Sifa, mwenye alinizalia binti yetu Sifa, amenyamaza siku mbili. Nilifikiri ni jino.

Leo tukiwa tunakula mboga ya sombe alisema, bila kuniangalia, "Baba Sifa, ile kasiksi haukuimwaga ku Jiwe. Uliimwaga Luhonga."

Nikacheka. Nikamuambia uzee inakula kichwa yake. Akaendelea kula.

Sasa niko na kaye hapa, daftari yangu, na sijui. Nafunga macho, naona Jiwe, naona chui, hata meno yake. Lakini Jiwe iko juu sana. Mutumbwi ya kasiksi ni mizigo ya batu bane. Nani alinisaidia kubeba? Mu hadisi niko peke yangu.

Nimetangulia kuipiga hii hadisi mbele Sifa hajaolewa. Nimeipiga mara mingi kuliko nimekula nyama. Pengine imenila.

Siku ya posho, 10 mwezi wa tano

Nimepanda kuangalia mwenyewe. Jana mvula ilipiga muzuri.

Jiwe ya Baba: maji inateleza juu yake sawa ku kichwa ya upara. Inakimbia mu mufereji, inaenda mutoni. Haiingii. Nilipiga na fimbo. Ngumu. Nilikaa pale, rangi nyekundu kila upande, kama mwizi mu duka ya mwenyewe.

Kisha Luhonga. Kule kuko bonde kidogo kati ya mawe meusi. Nilisikia maji inaingia chini. Inasema glu, glu. Sawa muntu anakunywa na hataki wengine bajue.

Sasa nakumbuka. Ao nafikiri nakumbuka. Luhonga zamani ilikuwa shamba ya ndizi ya mukwe wangu, baba ya Mama Sifa. Muzee ya kanisa, mukali. Kanisa yetu inakataza pombe. Nilikuwa kijana, nimetoka kuoa. Nilikata ndizi yake bila kumuomba. Nilichimba shimo mule mule mu shamba yake, nikaziivisha, nikazikamua, nikaacha mutumbwi chini ya majani. Mukwe kuiba ndizi ya mukwe! Kwetu muntu anaweza kuhama juu ya hiyo. Siku ya kuonja nilisikia kikohozi yake mu ndizi. Nikakimbia, nikapiga mutumbwi teke. Pombe ikaingia kati ya mawe.

Chui ilikuwa na kikohozi.

Ikiwa ni kweli. Juu Kabindi ilinuka, batu bakauliza, na mimi nikasema Jiwe ya Baba ili hakuna muntu aangalie Luhonga. Uongo ya kijana. Kisha ikaota mizizi.

Pale ku bonde bafanyakazi ya Kambale bamefunga kamba. Parsele ya kwanza ni ya Mama Zawadi. Alikuwa pale, anachimba choo yake mwenyewe. Hatua kumi kutoka ku ule mudomo ya maji. Alinisalimia na uso ya furaha, mara ya kwanza nimuone na uso ile. Nikasema choo muzuri.

Muoga mimi.

Siku ya Mungu, 11 mwezi wa tano

Kanisani bananipisha mbele. Papa Profesa. Shefu alisema Madame atarudi tarehe 28 kutia plani sinyatire, kisha hakuna kubadilisha.

Nikinyamaza: jina yangu inabaki, shamba yangu inakufa bure, choo ya Luhonga yote inaingia Kabindi, batoto bananunua kuhara kwa bidoni. Nikisema: mimi ni mwongo, na mwizi ya ndizi ya mukwe, na Mama Zawadi anatoka mu parsele.

Sikusikia mahubiri. Wimbo, niliimba ile bamemaliza tayari.

Siku ya pili, 13 mwezi wa tano

Nimesema. Kwa shefu, mu duka ya Kambale. Sikusema ya wizi. Nilisema tu nilisahau, ni Luhonga, hapana Jiwe.

Kambale alicheka mpaka akashika meza. Akasema, "Muzee, juma lililopita maji ilikuwa kwako. Umeona parsele inauzwa, maji imehama kwangu. Maji yako iko na miguu."

Shefu naye akacheka. Batu bote mu duka. Nilitaka kukasirika, lakini niliona yuko na haki. Nikisema Luhonga, shamba yangu inafunguliwa, naweza kuuza. Yake inafungwa. Hata mimi singejiamini.

Nimedanganya maisha yangu yote na bananiamini. Leo nasema kweli na banacheka. Hii mambo iko namna gani?

Nilirudi bila kununua chumvi. Mama Sifa aliuliza chumvi iko wapi. Tukakula bila.

Siku ya tatu, 14 mwezi wa tano

Shefu alinipa telefone yake, roho yake muzuri. Madame Nadine alinisikia mpaka mwisho. Hakucheka. Kisha akasema, Papa, mimi nilipashwa kupima na sikupima, nilipenda hadisi yako. Kosa ni yetu wawili. Iko dawa ya rangi ya kutia mu maji, unaitia juu unangojea chini. Lakini iko Goma, na barabara ya Sake imefungwa hizi siku. Akauliza, unaweza kufanya tena vile ulifanya?

Nikauliza, nini?

Akasema, mwaga kasiksi. Luhonga. Mbele ya batu.

Mimi na miaka yangu. Mutumbwi muzima ya kasiksi, kwa kuimwaga. Hakuna pombe imewahi kuniumiza vile kabla ya kuinywa.

Siku ya ine, 15 mwezi wa tano

Ndizi ya pombe iko mingi kwa muntu mumoja tu: shemeji yangu Bahati, kaka ya Mama Sifa, mutoto ya ule mukwe. Yeye njo aliuzia Kambale Luhonga. Ile ndizi ingine alibaki nayo.

Nilibeba kuku. Mama Sifa alifuata nyuma, hakusema nakuya, hakusema siendi.

Nilisema yote. Ndizi, shimo, mutumbwi, kikohozi. Nilisema nikiangalia kuku. Nilingojea Bahati asimame. Alisimama. Akaingia mu chumba, nikasikia anavuta sanduku. Nikafikiri ni panga.

Alitoka na kofia. Yangu. Ile ya chui. Panya imekula upande moja.

Akasema, "Shemeji, baba aliikuta mu shimo ya ndizi. Alituambia tumuache, siku moja atakuya kuichukua."

Basi muzee alijua. Aliniangalia miaka yote, tukakula naye meza moja, alinisikia nikipiga hadisi ya chui mbele yake, na aliniuliza tu ilikuwa na ukubwa gani. Nikamuonyesha na mikono. Akasema kumbe.

Sijui kama nicheke. Bahati alicheka. Mama Sifa alicheka mpaka machozi, kumbe na yeye alijua. Mimi nilishika kofia. Niliikumbuka kubwa.

Alinipa ndizi. Kuku yangu Bahati aliikataa, kisha akaichukua.

Siku ya tano, 16 mwezi wa tano

Ndizi iko mu shimo, majani ya ndizi juu na chini, moshi imeingia, udongo juu. Bahati alinisaidia. Alisema siku ile ningemuomba tu baba yake, angenifukuza na fimbo, lakini kisha angenipa ndizi. Utani ya shemeji. Niliustahili.

Siku ya tatu, 21 mwezi wa tano

Tumekamua leo. Ndizi na nyasi mu mutumbwi, mikono mpaka ku kiwiko. Batu balikuya kuangalia. Kambale alikuya. Aliuliza harusi ni ya nani. Nikamuambia ni matanga ya parsele yako. Hakucheka muzuri.

Alikaa kidogo. Aliniambia kwa sauti ya chini, Muzee, batu bamenipa pesa yabo. Roho yabo iko kule tayari. Ukikosea tena, bote bataumia bure. Uko na hakika?

Nikasema niko na hakika.

Siko nayo. Kesho nitaota chui tena na nitasema ni Jiwe.

Siku ya posho, 24 mwezi wa tano

Tumemwaga.

Shefu alitangaza tangu jana: muchote maji ya siku tatu. Bamama bamekasirika, mulolongo mpaka giza, balinitukana kwa luga nne na zote nilielewa. Asubuhi tulipanda Luhonga. Mutumbwi kubwa kuliko ya zamani, batu sita banabeba. Mama Zawadi alisimama pembeni ya choo yake, imefika ku kiuno yake. Hakuna muntu alimuambia neno, lakini alijua tunafanya nini.

Nilionja kidogo. Ilikuwa kasiksi ya muzuri kuliko zote nimefanya. Kweli, hiyo si majivuno, Bahati alisema vile vile.

Kisha tukapindua. Mawe ikakunywa yote. Glu, glu. Haikubaki hata povu. Muzee mumoja alivua kofia.

Siku ya Mungu, 25 mwezi wa tano

Hakuna kitu. Nilikaa ku Kabindi tangu asubuhi. Maji ni maji.

Siku ya kwanza, 26 mwezi wa tano

Siku mbili imetimia. Nilinusa. Pombe! Nikapiga kelele ya furaha, nikaita batu. Balikuya, balinusa, habakusikia kitu. Mama mumoja akashika mukono yangu akainusa. Ni mikono yangu inanuka. Tangu siku ya kukamua, imeingia mu ngozi. Hata sombe yangu inanuka kasiksi.

Basi pua yangu haiaminiki tena. Macho iliona chui. Kichwa iliweka Jiwe. Sasa pua. Nimebaki na nini?

Kambale alipita na kamio. Hakusimama. Afazali angenicheka.

Madame atafika keshokutwa. Pengine haikuwa Luhonga pia. Pengine ile mwaka Kabindi haikunuka hata siku moja, na mimi tu nilikuwa nimekunywa.

Niliuliza Mama Sifa. Alisema ilinuka. Nikamuuliza uko na hakika? Alisema aliosha nepi ya Sifa mu ile maji, mutoto akanuka sawa baba yake.

Siku ya pili, 27 mwezi wa tano

Asubuhi, mvula ya usiku imeisha. Batu bachache. Bidoni ya siku tatu zimeisha na bamama habataki kungoja tena. Mimi nilikaa mbali, mikono mu mifuko, ili pua yangu isidanganye muntu.

Kambale alikuya na miguu. Na kikombe yake ya aluminiumu kutoka duka. Aliweka chini ya bomba. Alinusa. Alikunywa. Alikunywa tena, polepole, sawa padiri. Yeye njo muntu mwenye alikuwa na sababu ya kusema ni maji.

Alipanguza mudomo. Akasema, "Hii ni kasiksi, Muzee."

Kisha akamwaga ile ilibaki, akarudi ku duka. Hakuniangalia.

Batu bakajaa. Kila mumoja na kikombe. Iko kidogo sana, lakini iko. Bazee banataka kuimba. Bamama banalia juu ya kufua. Bananibeba ku mabega, mimi na mifupa yangu. Nilipashwa kufurahi. Nilimuona Mama Zawadi nyuma ya batu. Alionja pia. Akaweka kikombe chini, akashika njia ya Luhonga.

Nimeshinda. Sijawahi kushinda kitu kibaya hivi.

Siku ya tatu, 28 mwezi wa tano

Madame Nadine alifika kwa pikipiki, matope mpaka ku masikio. Alionja, akaandika, akanusa tena. Alipanda Luhonga na telefone yake. Rangi nyekundu ya Jiwe ameifuta na rangi nyeusi. Rangi nyekundu mupya kuzunguka ule bonde na mutelemuko juu yake. Parsele saba ndani.

Kisha makelele. Kambale alisema atarudisha pesa ya batu, lakini pesa imekuwa manjanja, na manjanja iko mu barabara. Batu bakamuita mwizi. Hapana, hapo nilisimama. Mwizi ni mimi, nikasema, na mara hii nilisema ya ndizi na ya mukwe, mbele ya bote, na kofia ku kichwa. Banacheka, lakini kidogo.

Shefu aliuliza basi hizi familia saba ziende wapi.

Nilijua wapi tangu ile siku ya posho nilipanda kuangalia mwenyewe. Nilikuwa nimenyamaza kusudi muntu mwingine aseme. Hakuna alisema, basi nikasema mimi. Jiwe ya Baba haina maji chini. Madame alisema pale bajenge, ni muzuri kwa nyumba. Kambale anachukua shamba yangu ya Jiwe, anabapa bale saba. Mimi nachukua ile kipande ya Luhonga, yenye hakuna muntu anaruhusiwa kufanya kitu. Kupanda miti tu. Shefu akaandika, tukatia kidole na sinyatire. Mimi sinyatire, na herufi zangu.

Baba yangu alilima pale Jiwe. Sasa niko na shamba ya kuangalia.

Kambale alinipa mukono. Akasema tumekula hasara wawili, Muzee, kwa hiyo ni haki. Sijui kama ni utani.

Siku ya posho, 31 mwezi wa tano

Tumefunga ule choo ya Mama Zawadi. Udongo alioutoa kwa mikono yake, tuliurudisha kwa dakika kidogo. Aliangalia tu.

Bahati alinipa miche ya miti. Tumepanda ku mupaka. Kambale alileta mbili pia, moja aliipanda kichwa chini. Muuzaji.

Batu bananiomba hadisi. Nafungua mudomo na sijui nianze na chui ao na kikohozi. Nikianza na chui bananikatiza, banasema chui ilikuwa mukwe. Nikianza na mukwe haichekeshi vile. Nimeipoteza, na sijui kama ilikuwa yangu.

Siku ya ine, 5 mwezi wa sita

Nilipita ku Jiwe. Mama Zawadi ameweka mbao ine na shitingi. Na anachimba choo mupya. Lakini Jiwe ni Jiwe, udongo ya kulima iko kidogo tu juu. Jembe inaruka. Ameumia kiganja. Kule Luhonga alifika ku kiuno kwa siku kidogo. Hapa haijafika ku kifundo ya muguu.

Nilimuambia Madame alisema mutajenga choo ya kupanda juu, na mawe, si lazima kuchimba sana. Alisema anataka ya kweli.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Siku ya pili, 10 mwezi wa sita

Nimeenda ku Jiwe na mutalimbo ya Bahati, kile chuma kirefu ya kuvunja mawe. Sikusema kitu, nilianza kupiga. Yeye anaondoa vipande. Mapumziko kila mara, kifua yangu inapiga filimbi. Jua kidogo. Chini tunaona Kabindi na mulolongo ya bidoni, midogo sawa mahindi.

Tumefika ku kiganja mbili.

Aliniuliza, "Papa, hii jiwe inaenda chini mpaka wapi?"

Nikamuambia sijui.

Akasema, "Basi tuchimbe."